Wati Haziimbi

Kuanzia Tunduma hadi Mlowo na Vwawa, mtu anayetaka muziki bora nyumbani kwake hupewa ushauri mmoja: nunua mtambo wenye wati nyingi kuliko ulio nao. Ukichoka na sabufa ndogo ya spika mbili, panda uchukue kubwa ya spika tano. Nayo ikikuchosha, tafuta amplifaya inayojitegemea na spika ndefu za kusimama sakafuni. Fedha ikiruhusu, agiza Dar es Salaam au Dubai mtambo wenye jina kubwa na bei kubwa. Mji wa mpakani una kila kinachoufanya ushauri huo uonekane wa kweli. Mizigo inayoshushwa bandarini na kupanda barabara ya TANZAM kuelekea Zambia na Kongo hupita mlangoni petu, maduka yamejaa maboksi, na nyumba mpya za Mpemba na Majengo zina sebule pana zinazosubiri kujazwa. Naupinga ushauri huo. Unawafanya watu walipe mara tatu au nne kwa kosa lilelile, ilhali ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka mia moja unasema kinyume chake. Sauti unayoisikia nyumbani huamuliwa kwanza na chumba, mahali spika zilipowekwa, spika zenyewe, na rekodi unayoicheza. Nguvu ya amplifaya huja mwisho, na katika sebule nyingi haja ya nguvu ilishatoshelezwa na mtambo wa kwanza kabisa.

Tuanze na namba iliyoandikwa kwenye boksi, maana ndiyo inayouza. Sabufa ya kawaida huandikwa wati 5,000, au 10,000, au zaidi, na kando yake herufi PMPO. Ugeuze mtambo huohuo nyuma, usome kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme: mara nyingi kitakwambia unatumia wati 50, 60 au 100. Hakuna kifaa kinachoweza kutoa, kwa muda wa wimbo mzima, nguvu iliyozidi ile kinayopokea. Kapasita zilizomo ndani huweka akiba ndogo ya umeme na kuiachia kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na hapo ndipo PMPO inapopata maficho. Ni kadirio la kilele cha kitambo kifupi, lisilo na kanuni inayokubaliwa na wote, hivyo kila kiwanda hukokotoa kinavyopenda. Nguvu inayobeba wimbo tangu mwanzo hadi mwisho ni ile inayoandikwa RMS, nayo daima ni pungufu ya umeme ulioingia. Mwenye shaka anaye shahidi ukutani mwake. Soketi ya kawaida ya ampea 13 kwa volti 230 haibebi hata wati 3,000, na mtambo uliotoa kweli wati 5,000 ungekula zaidi ya uniti 5 za LUKU kila saa. Hakuna familia inayoona uniti zake zikiyeyuka hivyo kwa sababu ya redio. LUKU haijui kilichoandikwa kwenye boksi. Inahesabu umeme uliopita tu.

Tuseme basi mtu amepata wati za kweli. Bado hesabu haimsaidii kama anavyodhani. Ukiongeza nguvu mara mbili, kutoka wati 50 hadi 100, sauti hupanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji huitambua bila kushtuka. Ili sauti isikike kama imekua maradufu, zinahitajika kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi: wati 50 ziwe 500. Kwa upande mwingine, spika hazilingani katika wepesi wa kugeuza umeme kuwa sauti. Iko spika ambayo wati 1 huifikisha desibeli 85 kwa umbali wa mita 1, na iko nyingine ambayo wati hiyohiyo huifikisha 91. Pengo hilo la desibeli 6 ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara nne, na aliyechagua spika nyepesi amelipata bila kugusa amplifaya. Ukikaa mita 3 kutoka kwenye spika mbili za wastani, wati 1 kwa kila moja inatosha kukupa zaidi ya desibeli 80, kiwango ambacho watu sebuleni huanza kupaza sauti ili wasikilizane. Mapigo ya ghafla ya ngoma huhitaji nguvu mara kumi, ishirini au thelathini ya hiyo kwa kitambo kidogo. Ndiyo maana amplifaya yenye wati 30 hadi 50 za RMS huzitosheleza karibu sebule zote. Anayetoka 50 kwenda 200 amelipia nafasi asiyoitumia.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa mwenye mtambo mwenyewe: mbona mimi nilisikia tofauti nilipobadilisha? Sisemi anadanganya. Alisikia kweli, ila chanzo cha alichokisikia hakikuwa kile alichokilipia. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walionyesha kwamba sauti ikiwa ya chini sikio hupoteza besi kwanza, na ikipandishwa besi hurudi. Kwa hiyo mtambo unaopigwa juu kidogo tu kuliko mwenzake utaonekana umeshiba zaidi, hata kama yote miwili ni sawa. Dukani, boksi la bei kubwa ndilo linalofunguliwa sauti zaidi. Jambo la pili ni macho. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliwapa wasikilizaji, wafanyakazi wa kampuni ya vifaa vya sauti, spika zilezile mara mbili: mara moja zikiwa zimefichwa, na mara nyingine zikionekana. Maksi zilibadilika. Spika kubwa za kupendeza zilipanda zilipoonekana, na mfumo mdogo wa bei nafuu uliofanya vizuri gizani ukashuka. Kabla yao, mwaka 1987, jarida la Marekani la Stereo Review liliwapambanisha wasikilizaji na amplifaya za bei ndogo na za bei ya juu sana, sauti zikiwa zimesawazishwa na majina yamefichwa; wasikilizaji walishindwa kuzitenganisha kwa namna ya kuaminika. Hao walikuwa wapenzi wa muziki wenye uzoefu. Yaliyowapata yanaweza kumpata yeyote anayenunua kwa kutazama.

Sasa tuje kwenye chumba, maana hapa ndipo fedha kidogo hufanya kazi kubwa, na ndipo watu wetu wasipoweka hata shilingi. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara usiofaa kitu: neno moja likitamkwa liliendelea kuvuma kwa zaidi ya sekunde 5, likachanganyika na maneno yaliyofuata. Kijana mwalimu wa fizikia, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kuurekebisha. Usiku baada ya usiku alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa jirani, akaipanga humo, akapima mvumo ulivyopungua kila mito ilipoongezwa, na mwishowe akapata kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo: urefu wa mvumo hutegemea ujazo wa chumba ukigawanywa kwa kiasi cha sauti kinachomezwa na vilivyomo. Ukumbi wa Boston Symphony Hall, uliofunguliwa mwaka 1900, ulijengwa kwa kanuni hiyo, na ungali unahesabiwa miongoni mwa kumbi bora za muziki duniani. Kilichousaidia ukumbi ule wa kwanza kutulia ni feliti ya kumeza sauti iliyobandikwa ukutani. Spika zilikuwa bado hazijaingia hata katika mjadala.

Ichukue kanuni hiyo uilete Tunduma. Sebule ya urefu wa mita 5, upana mita 4 na kimo mita 3 ina mita za ujazo 60, na jumla ya kuta, sakafu na dari ni mita za mraba 94. Ujenzi wetu wa sasa ni tofali za saruji zilizopigwa lipu na rangi ya mafuta, tailizi sakafuni, jipsamu juu na madirisha makubwa ya aluminiamu na vioo. Vitu hivyo vikimeza kwa wastani asilimia 4 tu ya sauti inayovigonga, chumba kitupu kitavuma kwa sekunde 2 na nusu. Ndani ya muda huo mwimbaji ameshatamka silabi kumi au zaidi, na kila moja inaikuta iliyotangulia bado inazunguka ukutani. Weka humo makochi ya vitambaa, kapeti nene inayofunika sehemu kubwa ya sakafu, na mapazia mazito yenye mikunjo kutoka dari hadi chini upande wa dirisha. Umezaji unapanda karibu mara tano, na mvumo unashuka hadi karibu nusu sekunde. Hapo hata mtambo wa zamani utaanza kutamka maneno ambayo mwenyewe hakuwahi kuyasikia. Hakuna amplifaya inayoweza kufanya hivyo, kwa kuwa kila wati inayoongezwa kwenye chumba kinachovuma huongeza wimbo na mvumo kwa kiasi kilekile.

Besi nayo ina sheria zake. Mawimbi yake ni marefu kama chumba chenyewe, kwa hiyo hugonga ukuta, hurudi, na kujirundika katika namba zinazotokana na vipimo vya chumba. Urefu wa mita 5 huvimbisha besi ya hezi 34 hivi, na mita 4 huvimbisha ya hezi 43. Chumba cha mraba, mita 4 kwa 4, ambacho mafundi wetu hukipenda kwa urahisi wa kupaua, hurundika uvimbe wote mahali pamoja, ndiyo maana nota moja hutikisa vikombe kabatini na inayoifuata hupotea. Kona huzidisha tatizo, na kona ndiyo makazi ya sabufa katika nyumba nyingi, pembeni mwa televisheni. Mwenye nyumba akisikia ngurumo hiyo husema besi imeshiba. Kumbe amepoteza nyuzi za gitaa la besi: nota ya chini kabisa ya gitaa hilo iko karibu hezi 41, koni ya inchi 5 ndani ya boksi dogo haiifikii, na badala yake hunguruma nota ileile moja kila kidole kinapogusa waya. Tiba yake haina gharama. Iweke sabufa kwenye kochi unalokalia, cheza wimbo wenye besi inayotembea, kisha pita ukiinama kandokando ya kuta ukisikiliza. Mahali utakaposikia kila nota imejitenga na mwenzake, hapo ndipo sabufa ikae. Sogeza na spika nyingine angalau nusu mita kutoka ukutani, na kochi lako lisiegemee ukuta wa nyuma.

Baada ya chumba, spika. Katika miaka ya 1970 na 1980 Toole huyohuyo, akiwa katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, aliwasikilizisha watu spika nyingi zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia, kisha akaoanisha maoni yao na vipimo vya maabara. Aligundua kwamba watu wenye masikio mazima hukubaliana kuliko tunavyodhani. Wanapenda spika inayotoa besi, sauti ya kati na trebo kwa usawa bila vilima na mabonde, na inayotoa sauti ya namna hiyohiyo mbele na ubavuni. Bei haikuwa kigezo cha kuaminika. Kwa mnunuzi wa mkoa wetu wa Songwe maana yake ni kwamba asikilize sauti ya mtu akiongea, kwa mfano taarifa ya habari, kabla ya kusikiliza ngoma. Sauti ya mtu kila mmoja wetu anaijua tangu utotoni, na spika inayoigeuza kuwa ya puani au ya ndani ya pipa itaharibu na mengine yote. Anayenunua spika za mtumba kutoka Ulaya abonyeze polepole ukingo wa koni: ukiwa wa sponji ya zamani utamomonyoka kidoleni, na fundi atalazimika kuubadilisha, jambo linalowezekana ikiwa koili ni nzima. Na amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Japani imeundwa kwa volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 umeiunguza, hivyo bei ya transfoma ya kushushia umeme ihesabiwe kabla ya kusema umepata cha rahisi.

Kuna pia chanzo, yaani rekodi yenyewe. Nyimbo nyingi zinazopigwa kwenye mitambo ya mamilioni zilirushwa kibandani kwenye flashi, au zilipokewa kwa WhatsApp kutoka kwa mtu aliyezipokea kwa mwingine. Kila faili inapobanwa upya, hupungua kitu kisichorudi: trebo huanza kuchakacha kama maji, matoazi hupoteza umbo, na nafasi kati ya gitaa moja na jingine hujifunga. Hasara hiyo inaumiza zaidi muziki wetu wa dansi, ambao uzuri wake umo katika magitaa kadhaa yanayosemezana, solo, rithimu na besi, kila moja na njia yake. Bendi kama Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam kwa vifaa vichache na mafundi mahiri, na rekodi zile zina undani wa kutosha kuupima mtambo wowote wa leo. Mwenye kusikiliza nakala ya kilobiti 64 kwa sekunde hajawahi kukutana nazo. Akipata nakala nzuri ya kilobiti 320, au CD yenyewe, atakuwa ameboresha mtambo wake kwa gharama ya bando.

Wapo watakaosema haya ni ya wenye nyumba zao. Mpangaji wa chumba kimoja mtaani Sogea afanye nini? Hoja hii inaupa nguvu msimamo wangu. Kapeti, pazia na kochi huhama na mpangaji, na humfaa hata umeme ukikatika. Chumba kidogo kinahitaji nguvu ndogo zaidi, na ukuta anaochangia na jirani ni sababu nyingine ya kutaka sauti safi badala ya kubwa, kwa kuwa besi hupenya tofali. Kanuni za mazingira za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 zipo, lakini ujirani mwema ulikuwapo kabla yake. Wengine watasema malori yanayonguruma barabarani usiku kucha yanalazimisha sauti ya juu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, muda huo unabaki saa 4. Anayeshindana na lori kwa sauti analipa kwa masikio yake, na hakuna duka linalouza mengine. Kuziba nafasi za madirisha na kukaa karibu zaidi na spika kutampa alichokitaka. Na anayeambiwa anunue waya za spika za bei kubwa aende duka la vifaa vya ujenzi: waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule wa kutandaza soketi, ukiwa na urefu wa mita 5 una ukinzani wa kama omu 0.07 kwenda na kurudi, chini ya asilimia 1 ya omu 8 za spika.

Sikatai kwamba amplifaya ina wakati wake. Spika ya omu 4 isiyo na wepesi huhitaji amplifaya imara. Amplifaya ndogo inayolazimishwa kupita uwezo wake hukata vilele vya sauti na kuunguza twita, ile spika ndogo ya trebo. Ukumbi wa harusi au kanisa la watu mia tano lina hesabu tofauti kabisa na sebule. Umeme unaopanda na kushuka jioni pia ni adui halisi, na stabilaiza nzuri ni matumizi ya busara kuliko amplifaya ya pili. Sikatai hata heshima, kwamba mtu aliyehangaika mpakani miaka mingi ana haki ya kuweka sebuleni kitu kinachotazamika. Ninachokataa ni kumwambia kwamba kitu hicho kitampa muziki ambao tailizi zake, kona yake na flashi yake vimeshauzuia. Heshima ya mgeni anayekaribishwa kusikiliza ni kuyasikia maneno ya wimbo.

Kwa hiyo mpangilio wa matumizi ugeuzwe: rekodi nzuri kwanza, kisha kapeti na mapazia, kisha kupanga spika mahali pake, kisha spika bora zenye wepesi, na amplifaya pale tu ilipothibitika kwamba iliyopo haitoshi. Jambo lililobaki ni la umma. Marekani ilichoshwa na wati za kubuni mapema, na mwaka 1974 Tume yake ya Biashara ikaweka kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani. Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, tunalo Shirika la Viwango, na tunao mpaka ambako mizigo hukaguliwa kila siku. Wati 10,000 zilizoandikwa kwenye mtambo unaotumia 60 ni upotoshaji unaosomeka kwa macho, pande mbili za boksi moja. Iamriwe kwamba kila mtambo unaouzwa nchini uandikwe RMS kwa herufi zilezile kubwa. Kabla amri hiyo haijafika, mnunuzi wa Tunduma anaweza kuanza mwenyewe leo kwa kumwomba muuzaji ageuze mtambo nyuma, kusoma kibandiko, na kutolipia wati yoyote ambayo haimo humo.